Kisangani: Uwazi mwembamba kuliko unywele unaoamua uhai wa injini kuukuu ya pikipiki

KISANGANI, TSHOPO – Injini ya pikipiki haifi bila kutoa taarifa. Kwanza husikika mlio mdogo, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha, pale motari anapoachia mafuta baada ya kwenda kasi. Siku zinavyosonga, mlio huo unakuwa mzito, unatoka chini kabisa ya injini, na unafuata kila mzunguko. Motari akiendelea kubeba abiria kwa sababu siku bado haijalipa, mwisho unajulikana: mkono wa chuma unaoshika pistoni unavunjika, unatoboa ganda la injini, oili inamwagika barabarani na gurudumu la nyuma linakwama ghafla.

Mkono huo wa chuma, mafundi wa Kisangani huuita bieli, kwa jina lake la Kifaransa. Dar es Salaam na Mombasa wengi husema konrodi. Upande mmoja umeshikwa na pistoni, upande wa pili umeshika kranki, ile shafti iliyopinda inayogeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Mahali bieli inapokutana na kranki pana beringi, na ndani ya beringi hiyo pana uwazi mdogo sana, mwembamba kuliko unywele wa mtu. Uwazi huo ndio unaoamua kama injini iliyofunguliwa na kujengwa upya itadumu miaka au itarudi gareji kabla ya mwezi kuisha.

Kwa mwenye pikipiki mpya, hilo ni jambo la mbali. Kwa mwenye pikipiki ya miaka 30 au 40, ambayo imefunguliwa mara nyingi na mikono mingi, ndilo swali la kwanza: je, beringi ya bieli bado inafaa? Na swali hilo halijibiwi kwa macho. Linajibiwa kwa kipimo.

Mji wa toleka uliogeuka mji wa pikipiki

Kisangani, uliokuwa ukiitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, ni mji ulioko mahali mto unapobadilika. Juu ya mji ziko poromoko saba za Boyoma, ambazo zinazuia meli kuendelea. Ndiyo maana reli ya kwenda Ubundu, yenye urefu wa kilometa takriban 125, ilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1906 ili kuzunguka maporomoko hayo. Chini ya mji, mto unaelekea Kinshasa kwa safari ya kilometa zaidi ya 1,700.

Wakati wa miaka ya vita, gari na mafuta vilipoadimika, wakazi walisafiri kwa baiskeli za kukodi zilizopewa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi kubwa ya baiskeli. Leo pikipiki ndiyo teksi katika tarafa za Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Kisangani, na ng'ambo ya mto katika tarafa ya Lubunga. Ndiyo pia lori dogo la barabara za Banalia, Opala na Bafwasende, na mara nyingi ndiyo ambulansi ya kijiji.

Pamoja na pikipiki mpya kutoka China na India, bado zinatembea mashine za zamani. Yamaha AG100, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, ilipendwa na misheni na watumishi wa afya kwa sababu ya uimara wake. Yamaha DT125 na Honda za miaka ya nyuma nazo zina wapenzi wao. Wengine wanazihifadhi kwa kumbukumbu ya mzazi. Wengi zaidi wanazihifadhi kwa sababu hawana nyingine.

Tatizo ni vipuri. Barabara ya taifa namba 4, inayokwenda mashariki kupitia Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa, ni ndefu, na mvua ikinyesha malori hukwama. Kwa mto, mzigo unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo fundi anayesema kranki imekufa wakati haijafa anamtwisha mteja gharama na kungoja kusikokuwa na sababu. Na fundi anayesema kranki ni nzima wakati imekwisha anamtuma mtu barabarani na bomu chini ya mapaja.

Mzigo wa magunia matatu

Ili kuelewa kwa nini uwazi mdogo una uzito mkubwa, inafaa kuangalia kazi ya bieli. Injini ndogo ya cc 125 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 133 kila sekunde. Kila inapofika juu lazima isimame na kurudi. Kwa hesabu ya fizikia, pistoni yenye uzito wa gramu 150 katika mwendo huo huvuta bieli kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300, yaani magunia matatu ya mchele ya kilo 100, mara 133 kila sekunde.

Beringi ikiwa na uwazi unaofaa, nguvu hiyo hupokelewa taratibu. Uwazi ukizidi, bieli hupata nafasi ya kuruka kabla ya kugonga, na kila pigo ni nyundo. Nyundo huongeza uwazi, uwazi huongeza nyundo. Ndiyo maana mlio mdogo wa Jumatatu unaweza kuwa mkubwa Jumamosi.

Lakini uwazi mdogo kupita kiasi nao unaua. Katika injini zenye beringi laini, kranki haigusi beringi inapozunguka. Inaelea juu ya oili. Wavuvi wa Wagenia wanalijua jambo hili kwa namna yao: mtumbwi unapita salama maadamu chini yake pana maji, na maji yakipungua unakwaruza mwamba. Uwazi ukiwa finyu, oili haipati njia ya kuingia. Chuma kinasugua chuma, joto linapanda na injini inakwama. Uwazi ukiwa mpana, oili inakimbilia pembeni, shinikizo linashuka na mtumbwi unakaa juu ya mwamba vilevile.

Familia mbili za beringi

Kosa la kwanza katika gareji nyingi ni kupima beringi zote kwa namna moja. Pikipiki za zamani zina familia mbili tofauti.

Familia ya kwanza ni beringi ya vijiti. Ndani ya kichwa cha bieli, upande wa kranki, kuna vijiti vidogo vya chuma vinavyobiringika. Ndiyo iliyomo katika injini nyingi za silinda moja: Yamaha za mipigo miwili, Honda CG125, na injini nyingi za Kichina zilizofuata ramani ya CG. Kranki ya aina hii imetengenezwa kwa vipande vilivyobanwa pamoja kwa presi. Bieli yake haina boliti wala kifuniko. Ili kubadilisha beringi, lazima kranki itenganishwe.

Familia ya pili ni beringi ya maganda. Ni nusu mbili za chuma chembamba zilizopakwa madini laini, zinazokaa ndani ya bieli yenye kifuniko na boliti mbili. Hupatikana katika pikipiki nyingi kubwa za silinda mbili au nne, kama Honda CB750 iliyotoka mwaka 1969. Hapa kranki ni kipande kimoja, na oili husukumwa na pampu hadi ndani ya uwazi.

Kwa familia ya kwanza, fundi anatafuta kama bieli inacheza mahali isipopaswa kucheza. Kwa familia ya pili, anatafuta ni mia ngapi za milimita zimebaki kwa ajili ya oili. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina kifaa chake.

Mikono inasema nini

Kwa beringi ya vijiti, kipimo cha kwanza ni cha mikono, na mafundi wazee wanakiamini kwa haki. Silinda ikishatolewa, kranki huzungushwa hadi bieli ifike juu kabisa. Fundi anashika bieli kwa mikono miwili na kuivuta juu, kisha kuisukuma chini, bila kuizungusha. Ikiwa nzima, hasikii kitu. Akisikia hata mguso mdogo wa tik, beringi imekwisha.

Mtego uko katika mambo mawili. La kwanza ni oili. Oili nzito iliyobaki ndani ya beringi huficha uwazi, na beringi mbovu inaonekana nzima. Kwa hiyo kichwa cha bieli huoshwa kwanza kwa petroli, esansi kama inavyoitwa hapa, kisha hukaushwa kabla ya kujaribiwa. Kabla ya kuzungusha tena kranki, oili hurudishwa, kwa kuwa kuzungusha beringi kavu ni kuikwaruza.

La pili ni kuchanganya kucheza juu-chini na kucheza kando. Bieli lazima icheze kidogo kwenda kushoto na kulia. Bila hivyo ingeshikana na mbavu za kranki joto linapopanda. Uwazi huo wa kando katika injini nyingi mpya huwa sehemu ya kumi hadi sehemu nne za kumi za milimita, na vitabu vya watengenezaji huruhusu uongezeke zaidi ya hapo, hadi 0.6 au 0.8 katika injini fulani. Mteja anayeiona bieli ikiyumba kando anaweza kudhani imekufa, na kuna kranki nzima zinazotupwa kwa sababu ya kosa hili.

Uwazi wa kando hupimwa kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Fundi anaingiza kipande kimoja baada ya kingine kati ya bieli na kranki mpaka apate kinachopita kwa kubanwa kidogo. Ni kifaa kidogo kinachotoshea mfukoni, na ndicho hichohicho kinachotumika kurekebisha valvu, kwa hiyo gareji nyingi zinacho tayari.

Saa ya kupimia

Pale mikono inaposhindwa kusema kwa uhakika, kazi inahamia kwenye komparata, saa ndogo yenye mshale inayoonyesha mia ya milimita. Kranki inalazwa juu ya vitako viwili vyenye umbo la V, ncha ya saa inagusa kichwa cha bieli, na bieli inasukumwa juu na chini. Kwa Honda nyingi za silinda moja, beringi mpya haizidi elfu nane za milimita, yaani 0.008. Kikomo ni mia tano, yaani 0.05. Ikipita hapo, hakuna mjadala.

Yamaha kwa injini zake ndogo za mipigo miwili imezoea njia nyingine, inayofaa hata pale ambapo vifaa ni vichache. Kichwa cha bieli husukumwa upande mmoja, kisha mguu wa bieli, yaani ncha ya upande wa pistoni, huyumbishwa kulia na kushoto. Kwa sababu bieli ni ndefu, kosa dogo chini linaonekana kubwa juu. Bieli nzuri huyumba milimita 0.8 hadi 1. Ikifika milimita 2, beringi, pini na bieli hubadilishwa. Milimita 2 inaonekana hata kwa rula ya mwanafunzi.

Beringi ikibadilishwa, kazi haijaisha. Kranki iliyotenganishwa na kubanwa upya karibu kila mara hutoka ikiwa imepinda kidogo. Inarudishwa juu ya vile vitako, inazungushwa taratibu, na mshale wa saa unatazamwa. Katika injini nyingi, kuyumba kusizidi mia tatu hadi mia tano za milimita. Kunyoosha hufanywa kwa kugonga kranki kwa nyundo ya shaba au ya risasi, pigo moja, kipimo kimoja, pigo jingine. Nyundo ya kawaida ya chuma hutumika pia hapa na pale, nayo huacha alama na nyufa.

Fundi asiye na presi wala komparata anaweza kufanya uamuzi wa heshima kuliko wote: kumwambia mteja kwamba kranki hii ipelekwe kwa mwenye navyo.

Maikromita na hesabu ya kutoa

Kwa beringi ya maganda, kazi ni hesabu ya kutoa. Fundi anapima unene wa pini ya kranki kwa maikromita. Kisha anafunga maganda ndani ya bieli, anakaza boliti kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, na anapima upana wa tundu lililopatikana. Namba ya pili ikitolewa ya kwanza, jibu ndilo uwazi.

Kwa mfano, tundu likiwa milimita 36.020 na pini 35.985, uwazi ni 0.035. Kwa pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zenye maganda, uwazi wa kiwandani uko kati ya mia mbili na mia tano za milimita, na kikomo kiko karibu na mia nane. Unywele wa mtu una unene wa mia tano hadi mia kumi. Kanuni ya zamani ya mafundi, inayotumika pale kitabu kinapokosekana, ni elfu moja ya kipenyo cha pini: pini ya milimita 36, uwazi wa takriban 0.036.

Pini haipimwi mara moja. Hupimwa mahali pawili kwa urefu wake, na kila mahali kwa pande mbili, juu-chini na kushoto-kulia. Injini kuukuu huila pini upande mmoja zaidi ya mwingine, nayo inakuwa na umbo la yai. Fundi aliyepima upande mmoja tu anaweza kupata namba nzuri na kufunga injini mbovu. Pini yenye umbo la yai haiponywi na maganda mapya. Inahitaji kusagwa upya katika karakana yenye mashine, na kuwekewa maganda yenye unene ulioongezwa.

Kwa pikipiki za Kijapani kuna msaada mwingine. Bieli ina namba iliyogongwa ubavuni, kranki ina herufi au namba zake, na jedwali la mtengenezaji linaonyesha rangi ya ganda linalofaa. Anayenunua maganda kwa kutazama sanduku bila kusoma alama hizo anacheza bahati nasibu. Na alama hizo zinahusu pini ya kiwandani. Pini iliyolika lazima ipimwe.

Uzi unaobanwa

Si kila gareji ina maikromita ya kupimia ndani ya tundu. Kwa hao upo uzi laini uitwao Plastigage. Ni rahisi kuubeba, na ukitumiwa kwa makini hutoa jibu linaloaminika.

Pini na maganda hufutwa mpaka yakauke kabisa, kwa sababu oili huyeyusha uzi. Kipande cha uzi hulazwa juu ya pini kwa kufuata urefu wake. Kifuniko cha bieli hurudishwa na boliti hukazwa kwa hatua hadi nguvu kamili. Kisha hufunguliwa tena. Uzi utakuwa umebanwa na kutanuka kama chapati. Karatasi iliyokuja nao ina michirizi yenye upana mbalimbali. Mchirizi unaolingana na uzi ndio unaotaja uwazi. Uzi uliotanuka sana unamaanisha uwazi mdogo. Uzi uliobaki mwembamba unamaanisha uwazi mkubwa.

Uzi wa kijani hupima kutoka milimita 0.025 hadi 0.076, na ndio unaofaa pikipiki nyingi. Mwekundu hupima 0.051 hadi 0.152, na wa bluu ni wa mashine kubwa zaidi.

Kanuni moja haivunjwi: wakati uzi uko ndani, kranki wala bieli isizungushwe hata kidogo. Uzi ukiburuzwa, kipimo kimeharibika na kazi inaanza upya. Kanuni ya pili ni kukaza boliti kwa ufunguo wenye kipimo cha nguvu. Anayekaza kwa kukisia mkono anapima nguvu za mkono wake, si beringi.

Udhaifu wa uzi ni kwamba hauonyeshi umbo la yai kwa urahisi, na ukikaa dukani miaka mingi unakauka na kudanganya. Ndiyo maana wanaojua hupima kwa uzi mara mbili, kranki ikiwa katika nafasi mbili tofauti, na kulinganisha majibu.

Joto la ikweta

Kisangani iko karibu mno na ikweta, na joto la mchana linafika nyuzi 30 mara kwa mara. Vipimo vya viwandani, kwa makubaliano ya kimataifa, huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20. Je, tofauti hiyo ina madhara?

Chuma hutanuka, ingawa kidogo. Pini ya milimita 36 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi, inaongezeka takriban elfu nane za milimita. Kwa mlango au daraja la baiskeli si kitu. Kwa uwazi wa mia mbili na nusu, ni karibu theluthi moja.

Habari njema ni kwamba kranki, bieli na maikromita vikiwa na joto moja, vyote vinatanuka pamoja na kosa karibu linafutika. Hatari iko pale kranki inapooshwa na kuanikwa juani huku maikromita ikitoka ndani ya sanduku kivulini. Dawa yake haina gharama: kuviweka vyote kivulini pamoja, juu ya meza moja, kwa saa moja au zaidi, na kupima asubuhi. Mikono nayo hupasha chuma, kwa hiyo pini haishikwi muda mrefu kabla ya kupimwa.

Vumbi ni adui mkubwa zaidi. Punje moja ya mchanga laini inaweza kuwa nene kuliko uwazi wote. Gareji iliyo kando ya barabara, ambako kila pikipiki inayopita inainua wingu jekundu, inahitaji walau kitambaa safi na sanduku la kufunika vyombo.

Somo la zamani

Kazi hii ni ya zamani kama pikipiki zenyewe. Ubelgiji, iliyoitawala Kongo hadi tarehe 30 Juni 1960, ilikuwa na mji mmoja, Herstal karibu na Liège, wenye majina matatu makubwa ya pikipiki: FN, Saroléa na Gillet. FN ilianza kuuza pikipiki mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1905 ikatoa pikipiki ya silinda nne wakati wengine wengi walikuwa bado wanahangaika na moja.

Desemba 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni na tela, wakielekea Cape Town. Walivuka Sahara, wakapita misitu ya Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Julai 1935. Njiani injini yao ililazimika kufunguliwa na kujengwa upya, mbali na kiwanda chochote. Wallach alikuwa amesoma uhandisi, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya mzigo wao muhimu.

Miaka 40 baadaye, Honda ilijifunza somo jingine kutoka kwa wateja wa nchi zenye barabara ngumu. Pikipiki zake za cc 125 zilikuwa zikifa mapema kwa sababu oili ilikuwa haibadilishwi. Jibu lake, katikati ya miaka ya 1970, lilikuwa CG125, injini rahisi ya fito za kusukuma valvu, iliyoundwa kuvumilia uzembe. Kizazi cha injini hiyo ndicho kilichoenea baadaye kupitia viwanda vya China, na ndicho kinachonguruma leo katika mitaa mingi ya Afrika.

Hata hivyo kuvumilia uzembe si kuushinda. Oili iliyokaa muda mrefu imejaa unga wa chuma, na unga huo hupita katikati ya vijiti vya beringi kila mzunguko. Katika injini za mipigo miwili hali ni kali zaidi. Beringi ya bieli hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli pekee. Petroli ya chupa ya barabarani, ile ya wauzaji waitwao Kadhafi, ikiwa na maji au ikichanganywa bila kipimo, beringi ndiyo inayolipa kwanza.

Gharama ya kutopima

Kwa motari asiyemiliki pikipiki, siku bila injini ni siku yenye deni. Mwenye pikipiki anangoja malipo yake ya kila siku hata mvua ikinyesha. Hali hiyo ndiyo inayowasukuma wengi kuomba matengenezo ya haraka: badilisha pistoni, badilisha ringi, funga, twende. Injini inapata nguvu mpya juu, huku chini beringi ni ileile kuukuu. Nguvu hiyo mpya inaipiga beringi iliyochoka, na kile kilichoonekana kuwa uokoaji wa fedha kinageuka kuwa injini nzima iliyopasuka. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na pikipiki, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna watu. Bieli ikivunjika katika barabara ya Banalia usiku, aliye kiti cha nyuma anaweza kuwa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Gurudumu likikwama katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kofia ya kinga ya motari, kama anayo, haimsaidii abiria asiye nayo.

Kupima, kwa upande mwingine, huchukua nusu siku. Kuosha, kukausha, kuvuta na kusukuma, kupitisha kipande cha chuma, kutazama mshale, kuandika namba kwenye daftari. Daftari lenyewe ni kifaa. Namba ya leo ikilinganishwa na ya mwaka uliopita inaonyesha beringi inakwisha kwa kasi gani, na inampa mwenye pikipiki nafasi ya kuagiza kipuri kabla ya kukwama, badala ya kukingoja kikitoka mashariki huku pikipiki imelala kwenye matofali.

Injini ikishafungwa, kuna jambo la mwisho ambalo kijana anayejifunza kazi hufundishwa kabla ya kukanyaga kiki. Oili hutiwa mpya. Plagi hutolewa, kranki huzungushwa taratibu kwa kiki mara kadhaa bila moto, ili oili ifike chini kabisa, ndani ya ule uwazi ambao jicho haliuoni. Kisha plagi hurudishwa, na wote walio gareji hunyamaza kidogo wasikilize kama kuna anayegonga mlango.